Kiinjini cha Bashiru

Watu wa Kibiti wana midomo, wallahi. Kila Ijumaa nikitoka msikitini na kushika njia ya kwa marehemu Bashiru, wanatazamana. "Miraji huyo, kaenda kumliwaza mjane." Wawaliwaze mama zao! Mie mtu mzima, nina mke wangu Zawadi anayejua ninakokwenda, na mara nyingine ndiye anayenifungia makaa kwenye gazeti nisiende mikono mitupu. Naingia mchana kweupe, mlango wazi, na Johari, dada wa huyo mjane, yuko upenuni anapeta mchele. Nakaa ukumbini, nawasha makaa, nazungusha gurudumu la shaba kwa kidole changu hiki mpaka mjane, shemeji yangu, aseme yatosha. Kisha nanywa chai, narudi kwangu. Hiyo ndiyo fitina yenyewe.

Mkitaka kujua kwa nini mtu mwenye akili zake akae azungushe kidude kwa kidole, kaeni kitako niwaambie. Mpaka Ijumaa iliyopita nisingesema hata mngenibana kwenye jiriwa. Sasa hakuna tena cha kuficha.

Bashiru ndiye aliyenifundisha kazi. Zamani hapa Kibiti palikuwa na karakana ya matrekta, mali ya umma, na ndani yake mashine ya kukereza vyuma. Unakifunga chuma, kinazunguka, wewe unasogeza kisu taratibu na chuma kinamenyeka mpaka kifike kipimo. Nilikwenda pale sijui hata kushika spana. Bashiru alinitukana matusi ya kiungwana asubuhi na jioni, na katikati ya matusi akanifundisha. Neno asilotaka kulisikia lilikuwa "karibu sawa." Ukimwambia, "Kaka, pistoni imekaa karibu sawa," anakujibu, "Na weye uko karibu kufa. Tukuzike?"

Alikuwa na namna yake ya kupima. Pistoni ikishakerezwa, anaitia ndani ya silinda, anaziba tundu la chini kwa kiganja, anaiachia. Ikianguka, kazi mbovu. Ikikwama, kazi mbovu. Alitaka ishuke yenyewe polepole, huku kiganja kikisikia pumzi inasukumwa. Mie ilinichukua miaka kuipata pistoni ya kushuka hivyo, na siku niliyoipata aliniambia tu, "Haya, kanywe chai." Nilikwenda nikanywa chai ile nikiwa na furaha ya bwana harusi.

Ujana wake Bashiru aliutumia kufanya kazi kijiji cha Mkongo. Kulikuwa na kinu cha kupasulia mbao kule, kinaendeshwa kwa injini ya mvuke, na yeye ndiye aliyekuwa akiilisha tanuri maranda na vipande vya mbao. Injini ile ilikuwa kilema. Gurudumu likipanda lilisita kidogo, likishuka likakimbia. Tuku... tu. Tuku... tu. Watu wa Mkongo waliamkia mlio huo, wakapikia mlio huo. Mwantum mwenyewe, huyo ambaye leo ni mjane, kazaliwa nyumba ya pili kutoka kinuni, na Bashiru alimposa akiwa na masizi puani. Kinu kilikufa, miti ya karibu ilikwisha, chuma kikaachwa porini kikaliwa na kutu. Ila mlio haukumtoka Bashiru kichwani.

Basi akawa, kazi zikipungua pale karakana, anatengeneza kiinjini. Kidogo, kinakaa ndani ya sinia. Silinda aliichonga kwenye bushi kuukuu ya shaba, boila akaifanya kwa kipande cha bomba, gurudumu akalikereza wiki nzima akilitupa na kuanza upya. Sikuelewa analitupia nini mpaka siku alipokiweka kiinjini juu ya jiko la makaa uani kwake. Maji yakachemka, akafungua kikoki cha kupitishia mvuke, na lile gurudumu likaondoka lenyewe. Tuku... tu. Tuku... tu. Kilikuwa kinachechemea! Alikuwa kalipunguza gurudumu uzito upande mmoja makusudi, ili lisite likipanda. Mwantum alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. Alicheka mpaka akalia, akasema, "Baba yangu angekuwa hai, angetoka sasa hivi aende kazini."

Tangu siku hiyo kiinjini kikahamia ndani ya kabati la vioo, ukumbini, juu ya kitambaa cheupe alichokifuma Mwantum. Bashiru akatoa macho.

"Mwanamke, injini unaitandikia kitambaa?"

"Kitu kizuri hakikai uvunguni."

"Si kizuri. Kinafanya kazi."

"Kazi gani? Kinasaga? Kinapasua mbao?"

"Kinakwenda," Bashiru akasema.

"Na kinang'ara," Mwantum akamjibu. "Kiache kifanye yote mawili."

Ugomvi huo waliugombana miaka, na mie nilikuwa naupenda, maana walikuwa wakigombana wanacheka. Idi kwa Idi kinatolewa, kinawashwa, majirani wanakuja kusikia, kisha kinarudi kwenye kitambaa chake. Kikaota weusi wa mafuta na moshi, na Bashiru alikuwa hataki mtu auguse weusi huo.

Halafu ikaja ruksa. Kila kitu ruksa, kununua ruksa, kuuza ruksa, na karakana yetu nayo ikauzwa. Tukapunguzwa kazi sote. Mashine ya kukereza aliinunua Sadallah, mfanyabiashara aliyekuwa na duka la mitumba, akaiweka ndani ya banda la mabati nyuma ya soko na jenereta pembeni. Wengine tulimcheka. Yeye alikuwa kagundua kuwa wenye mahoteli ya Dar na kambi za watalii kule Mloka wanataka mapambo ya shaba. Vinara visivyotiwa mshumaa. Mayai. Vikombe visivyo na tundu, kipande kizima cha shaba kilichokerezwa kikafanana na kikombe. "Kizuri chajiuza, Miraji," aliniambia. "Wewe king'arishe tu."

Nikaenda. Nilikuwa na watoto, na sioni haya kusema. Bashiru aliitwa, akakataa. Akakaa kwake anaunga fremu za baiskeli na kuziba sufuria. Siku moja nikampelekea kinara nilichokikereza, kirefu, kina viuno saba, nimekipiga msasa mpaka unaona meno yako. Alikipokea, akakipitisha kidole toka juu mpaka chini.

"Kinafanya nini hiki?"

"Kinakaa, kaka."

"Kinakaa tu?"

"Kinakaa, watu wanakitazama."

Akanirudishia. "Basi kipe kiti."

Mwantum alicheka, Johari akacheka, na mie nikajitia kucheka. Ila lilinichoma. Nilimwambia njaa haimuulizi mtu chuma chake kinafanya nini. Akasema, "Kweli, haiulizi." Akarudi kwenye baiskeli yake. Ilipita Ramadhani nzima hatujafuturu pamoja.

Sadallah naye alikisikia kiinjini. Akaja na heshima zake, akataka kukinunua kwa ajili ya ukumbi wa kambi moja ya Mloka, kiwekwe mezani wageni wakitazame wakinywa. Bashiru akamuuliza jambo moja tu: "Watakiwasha?" Sadallah akacheka. "Wakiwashe cha nini, mzee? Watakitazama." Bashiru akamwambia karibu chai, na habari ikaishia kwenye chai.

Mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, sukari ikamshika Bashiru. Labda ilikuwa imemshika zamani, hatukujua. Ikaanza na macho. Alikuwa mtu anayeona unywele umekaa juu ya chuma, akawa hamwoni mkewe akiwa amesimama mbele yake. Baadaye figo. Hospitali walimweka, wakampa dawa, mwishoni wakatuambia kwa upole tumrudishe nyumbani. Mwantum akawa anamgeuza, anamlisha uji, anamkanda miguu iliyovimba. Hamkumwona nyie. Yule mwanamke alikuwa hakai.

Siku moja Bashiru akamwambia, "Mama, nataka nikisikie kinu cha Mkongo. Mwite Miraji aje Alhamisi anikiwashie. Nisife sijakisikia."

Hilo tu. Hakutaka daktari wala mganga, hakutaka kupelekwa Dar. Alitaka kusikia ule mlio. Mwantum alikuja mwenyewe bandani kuniita, na uso wake ulikuwa umenawiri kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie. Mtu wake alikuwa ameomba kitu, na kitu chenyewe kimo kabatini!

Alhamisi nikafika mapema. Mgonjwa alikuwa amelazwa ukumbini, juu ya kitanda cha kamba, apate hewa. Nikafungua mlango wa kabati. Lo! Kiinjini kilikuwa kinameta mpaka kinaumiza macho. Hakuna weusi hata wa kutia kwenye kope.

"Nimekisugua," Mwantum aliniambia, mikono imekauka kwa majivu. "Toka jana. Majivu, ndimu na mchanga mwembamba wa mtoni. Nimekifungua chote, si alikuwa akikifungua mbele yangu kila Idi? Kile cha ndani kilichokuwa kinapanda na kushuka kilikuwa kimejaa utandu, shemeji, kama sufuria ya ubwabwa. Nimekisugua mpaka tumboni."

Nikakitoa kabatini. Sikilizeni, yule mwanamke hakufanya upuuzi. Kwetu chombo hakitiwi motoni kichafu, na chombo cha mgonjwa ndiyo kabisa, kinasuguliwa ndani kuliko nje. Mama yake alimfundisha hivyo, na wangu alinifundisha hivyo. Angejuaje kuwa mchanga ule umekula pistoni, umekula silinda, na kwamba weusi aliouona utandu ndio uliokuwa ukiziba pumzi? Mkifikiri mngejua nyie, mnajidanganya.

Nikatia maji. Nikaweka juu ya makaa. Mvuke ukaja, nikafungua kikoki. Fyuuu! Ukatoka wote pembeni ya pistoni, na gurudumu halikutikisika. Nikalisukuma kidogo, likazunguka, likalala.

"Vipi?" Bashiru aliuliza pale kitandani.

"Kikoki kimeziba, kaka," nikasema. "Nipe siku mbili tatu nikizibue."

Bashiru alivuta hewa puani. "Haya," akasema.

Nikakifunga kwenye kanga, nikakimbilia bandani. Mashine si ipo? Ni ileile, niliyojifunzia. Nikamwomba Sadallah anipe nafasi, na nisimseme vibaya, alinipa, akaniwashia jenereta mwenyewe. Nikapanua silinda kidogo kuondoa michubuko, nikakereza pistoni mpya. Nikaitia, nikaziba chini kwa kiganja, nikaiachia. Ikaanguka, ka!

Nikakereza nyingine. Ikakwama. Nikaipiga msasa, ikaanguka. Nyingine tena. Jasho linanitoka, nasimama kama alivyonifundisha, nashika kisu kama alivyonifundisha, na mkono unakwenda kwingine. Mkono ulikuwa umezoea vinara. Kinara ukikosea unywele, unaongeza kiuno kingine hapo, unapiga msasa, nani atajua? Miaka yote ile nilikuwa nikiongeza viuno. Sadallah akaja akatazama pistoni zilizojipanga mezani, akazishika, akasema kwa moyo safi kabisa, "Mbona zote nzuri?" Nilitaka kumpiga. Kisha nikaona hana kosa, zilikuwa nzuri kweli. Zilikuwa zinang'ara.

Siku zikapita na mie nakereza. Zawadi analeta chakula bandani, kinapoa. Shaba ikaisha, nikapiga moyo konde nikavunja kinara changu mwenyewe nipate nyingine. Bado. Nikilala nasikia tu ile ka! ya pistoni kwenye kiganja.

Johari akaja mbio, kanga imemponyoka begani. "Kaka Miraji, njoo leo. Usiseme kesho. Anakiulizia."

Nikakichukua kama kilivyo. Njiani nilikuwa nasema peke yangu, watu wananitazama, nasema, Mola wangu, nimwambie nini huyu? Nimwambie mkewe kakivunja? Nimwambie mwanafunzi wake hawezi kukitengeneza? Nikafika mlangoni.

Ukumbini walikuwapo wanawake, wanamsomea. Nikawaomba watupishe, injini ina moto. Wakaenda uani, Mwantum akiwa wa mwisho, pazia likashuka. Nikaweka jiko kando ya kitanda, nikatia makaa. Maji yakachemka. Nikakaa chini, mgongo kwenye pazia, nikafungua kikoki. Mvuke ukapiga fyuu, na mie nikatia kidole kwenye gurudumu nikaanza kuzungusha. Tu... tuku. Tu... tuku. Mvuke ulikuwa unanichoma, unatoka palepale mkono ulipo, ngozi inaiva naiona. Sikuutoa mkono. Nikawa nazungusha, nasitisha, nazungusha.

Kutoka uani Mwantum akauliza, "Kinakwenda?"

Kabla sijajibu, Bashiru akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu. Akaushika kiwiko, akateremka mpaka kifundo, mpaka kwenye kidole. Hapo akakaa.

"Miraji," akaninong'oneza.

"Naam, kaka."

"Ni kidole."

"Ni kidole, kaka. Nisamehe."

"Mama kakisugua. Tangu siku ile nanusa ndimu," akasema. "Usimwambie. Ataubeba huo mzigo mpaka kaburini. Apa."

"Wallahi simwambii."

"Basi zungusha vizuri, usinitie aibu. Ya Mkongo ilisita ikipanda. Weye waisitisha ikishuka."

Na akaushika mkono wangu, mkono wake umevimba na baridi, akauongoza. Polepole ikipanda. Iache ishuke. Polepole ikipanda. Tuku... tu. Tuku... tu. Jamani, nilikuwa nalia, makamasi yananishuka, na yeye anatabasamu, macho yale yasiyoona yametazama dari. "Hapo," akasema. "Hapo hasa."

Halafu akakusanya pumzi yake yote iliyobaki, akapaza sauti kuelekea uani: "Kinakwenda, mama! Umekisugua vizuri!"

Kisha nikamsikia Mwantum akisema, "Alhamdulillahi."

Nilizungusha mpaka Bashiru akalala na maji yakaisha. Alfajiri ya siku ya pili yake akafariki. Tukamzika baada ya adhuhuri, na kidole changu kimefungwa kitambaa. Watu waliniuliza kimefanya nini, nikasema kazini.

Mwantum akakaa eda. Alipotoka akamtuma Johari aniite. Kiinjini kilikuwa kimerudi kabatini, juu ya kitambaa chake. "Shemeji," akasema, "niwashie nikisikie." Ningefanyaje? Nilikuwa nimeapa. Nikamwambia akae upande ule wa kabati maana mvuke unachoma, nikampa mgongo, nikatia kidole. Aliketi mpaka mwisho, mtandio umefunika mdomo. Akaniuliza kama naweza kuja tena Ijumaa. Nikaja. Na nyingine nikaja, na nyingine. Nikajifunza kufunga mkono kwa kitambaa kibichi nisiungue sana. Huko ndiko kumliwaza mjane mnakokusema.

Haya, Ijumaa iliyopita. Nimekaa pale namsubiri ajaze maji, macho yangu yakatembea ukumbini. Birika la shaba linameta. Sinia linameta. Hata kitasa cha mlango kinameta. Kile kiinjini, ndani ya kabati, kimefubaa, kimeota ukijani kwenye maungio. Nikajiambia, huyu ataanza kushtuka akiona simuulizi habari ya kukisafisha. Nikataka kujitia kawaida. Nikafungua mdomo wangu huu.

"Shemeji, mbona hiki umekisusa? Ungekipitisha ndimu kidogo, kikapata uso."

Mwantum aliweka kata chini. Hakugeuka.

"Nilishakisugua, shemeji. Ile mara moja ilitosha."

"Haikuwa..." nikaanza.

"Usiape," akasema. "Bila shaka umeshamwapia yeye. Mie mtoto wa Mkongo, Miraji. Mlio ule nimeulalia tangu nikiwa tumboni. Mlidhani masikio alikuwa nayo Bashiru peke yake? Siku ile ulianza vibaya, unasita kwenye kushuka. Halafu ukarekebishwa. Injini haijifunzi, shemeji. Nikajua kuna mkono hapo. Na kilikuwa kizima mpaka nilipokisugua."

"Mbona hukusema?"

"Alinipigia kelele kuwa nimekisugua vizuri. Pumzi yake ya mwisho mwisho aliitumia hapo. Ningeingia nimwambie najua, angeondoka na nini?"

Nje Johari alikuwa ameacha kupeta. Nilimtazama Mwantum, na mara ya kwanza nikaona amezeeka, na kwamba amezeeka mwaka huu mmoja.

Akakitoa kabatini mwenyewe, kwa mikono miwili, na ukijani wake. Akakiweka juu ya jiko. Safari hii hakwenda upande ule wa kabati, alivuta kigoda akakaa mbele yangu, anaona kila kitu.

"Makaa yanapoa," akasema.

Mvuke ukaja. Nikatia kidole kwenye gurudumu, nikazungusha. Macho yalikuwa yamejaa, sikuwa naona vizuri, nikakosea.

"Ikipanda, shemeji," akaniambia taratibu. "Isite ikipanda."